Kwa Kipande Uliandikwa, Kwa Mtandao Unajiandika

Uliza msee yeyote wa Nairobi ako na majina ngapi, na umpee time ahesabu. Kuna ya kipande. Kuna ya kanisani ama ya msikitini. Kuna yenye shosho humwitanga akienda ocha. Kuna ya base, yenye maboy walimbandika akiwa class six na ikakataa kubanduka. Halafu kuna ya simu, ile hukaa kando ya picha yake akiingia TikTok, Insta ama X. Zote alipewa na watu isipokuwa hiyo ya mwisho. Hiyo alikaa chini, akafikiria, akaichapa na kidole yake mwenyewe.

Ndio maana mi sipendi wazae wakiona jina ka "bazuu wa Umo" wanacheka, eti watoi wa siku hizi hawana wera. Hiyo jina inaweza kuwa ndio uamuzi wa kwanza huyo kijana amefanya kuhusu yeye ni nani bila kuomba mtu ruhusa. Na kwa nchi yetu, venye majina zimetufanyia, huo uamuzi ni mzito. Wacha tuuangalie poa. Ukichanuka kwa hii kitu utajua wasee wanasema nini wakijiita venye wanajiita, na wewe mwenyewe utachagua yako ukiwa rada.

Jina hubonga kabla ufungue mdomo

Majina zetu za kuzaliwa ni tamu na zimejaa stori. Otieno alikuja usiku, Akinyi asubuhi, Okoth mvua ikinyesha. Wekesa na Nekesa ni watoi wa msimu wa mavuno. Kipkoech alifika kukipambazuka. Kwa Wakikuyu, boy wa kwanza hubeba jina ya guka wa upande wa buda, na wa pili ya guka wa upande wa mathe. Ndio maana kwa boma moja unaweza pata mabinamu wanne na wote ni Kamau. Kila jina inakushow huyu mtu alikuja saa ngapi, msimu gani, ama ni mzee gani amerudi kupitia yeye.

Ngori huanza venye zinasomwa. Ukipeleka barua ya wera, ukitafuta keja, ukisimamishwa na karao usiku, jina yako ya pili inasomwa kabila kabla mtu akuangalie kwa uso. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 walikufa kwa fujo, na kuna barabara zenye watu walisimamishwa wakaitishwa kipande, jina ikaamua nani atapita. Watoi wa enzi hiyo ndio wasee na mamanzi wa miaka ishirini na kitu sai. Wamekua wakijua jina inaweza kukufungulia mlango ama ikufungie njia.

Sasa mpee huyo kijana nafasi tupu kwa simu, aambiwe ajiandike. Mara nyingi sana anaruka kabila, anaandika mtaa.

Na hiyo tabia haikuletwa na simu. Sheng yenyewe ilikua Eastlando, mitaa ka Kaloleni, Makongeni, Bahati na Jericho, kwenye watoi wa kila kabila walichota maji kwa bomba moja na kupiga ball kwa kiwanja moja, wakahitaji lugha yenye haikuwa ya boma ya mtu yeyote. Majina za mtandao zimefuata njia hiyo hiyo. Ni Sheng ile ile, imehamia kwa profaili.

Namba ya mat ndio anwani

Ukitaka kusoma jina ya msee wa Kanairo, anza na namba. Ukiona 58 kwa mwisho, huyo ni mtoi wa Buru. Ukiona 1960, usidhani ni mwaka alizaliwa. Hiyo ni Kayole, juu mat za huko ni 19 na 60. 45 ni Githurai, 23 ni Kangemi, 125 ni Ronga, 8 ni Kibich. Hakuna ofisi ilikaa mkutano ikaamua hizi zikuwe vitambulisho vya watu. Makanga walizipigia kelele kwa steji miaka nenda miaka rudi, wasee wakapanda, wakashuka, wakakulia hapo, na namba ikakuwa mtaa.

Nje ya Nai mambo ni tofauti kidogo. Katiba ya 2010 ilitupea kaunti 47, kila moja na namba yake, na vijana wakazichukua mbio. Mombasa ni 001, na wasee wa huko wanaibeba hiyo namba na kifua mbele: iko kwa majina ya akaunti, iko kwa matisheti, iko kwa ngoma. Kisumu ni 042, Nakuru 032, Nairobi yenyewe 047. Ukitaka kujua ka mtu anapenda kwao, cheki venye anaibatiza. Nakuru ni Nax, na siku wakijiskia inakuwa Nax Vegas. Eldoret ni Eldy. Kitengela ni Kite.

Ukivuka mpaka, mtaa unapotea na nchi inachukua nafasi. Msee akifika Doha, Dubai ama Riyadh, namba ya mat haina maana kwa mtu, so anaweka 254. Huko Ghuba pia kuna kitu mamanzi wetu wamefanya yenye mi huiheshimu sana. Neno "kadama", lenye wanaitwa wakiwa wera za nyumba Saudia, lilikuwa la kumshusha mtu. Wakalichukua, wakalibandika mbele ya majina yao kwa TikTok na YouTube, wakaanza kushow dunia maisha ya huko venye iko: kazi, njaa ya nyumbani, vicheko vya jikoni saa sita usiku, na mishahara yenye imejenga manyumba shags. Mtu akikuita jina ya kukuumiza, kisha uivae mwenyewe mchana peupe, anabaki bila silaha.

Kevo, Shiko na vita ya kistari cha chini

Formula ya pili ni kukata. Kevin ni Kevo, Brian ni Brayo, Dennis ni Deno, Stephen ni Stevo. Wanjiku ni Shiko, Wanjiru ni Ciru, Mwangi ni Mwas, Odhiambo ni Odhis, Mohammed ni Moha. Cheki venye huku kukata kumekaribisha kila mtu: ya mzungu, ya dini, ya kabila, zote zinatoka kwa mashine moja zikiwa na sauti ya mtaa. Wengine wanageuza silabi kabisa, Brayo anakuwa Yobra, venye stori ilikuwa risto kitambo.

Shida ni moja: Brayo ni wengi. Na huu mtandao hauangalii Kenya peke yake, unaangalia dunia mzima. Tuseme Brayo ndio ameshika simu mpya leo. Anachapa "brayo", imechukuliwa. "brayo254", imechukuliwa. "brayo wa buru" haiwezi kaa na nafasi katikati, so anaweka kistari cha chini, "brayo_wa_buru", na hiyo pia iko na mtu. X inampea herufi 15 pekee, na huko nukta haikubaliwi, ni herufi, namba na hicho kistari tu. TikTok inampea 24, Insta 30. Akikosea kwa TikTok lazima angoje siku 30 ndio abadilishe tena. Ndio hapo unaona vistari viwili, herufi "h" ya ziada, "i" tatu kwa mpigo.

Wengi huchoka hapo, wanakubali yenye simu imewapendekezea, jina na tarakimu nane mkiani ka namba ya lokapu. Mi naskianga vibaya nikiiona. Ulikuwa na nafasi ya kujipa jina, ukawachia mashine ikupee.

Wenye hawachoki ndio hutoa majina kali. Wanachanganya mtaa na kazi, kazi na tabia, tabia na chakula. Fundi wa simu anaweka "daktari wa skrini". Dere anaweka jina ya nganya yake. Manzi mwenye hupika anaweka mutura, smokie ama chapo ndani. Wazazi vijana wanarudi kwa ile njia ya zamani kabisa ya mtaa, ile ya kuitwa kwa jina ya mtoto: Mama Zuri, Baba Jayden. Shosho zetu walikuwa wanaitana hivyo kwa plot, sai iko kwa Insta na nukta katikati.

Na kuna wenye wanarudisha jina ya kabila wenyewe, kwa roho safi. Nyar Kisumu. Jakom. Wa Nyambura. Hiyo haipingani na venye nimesema hapo juu. Jina ya kabila ikiandikwa na mwenyewe, kwa kupenda kwake, ni sherehe. Noma ni ikisomwa na mtu mwingine juu ya meza yenye hukualikwa.

Kutoka cyber hadi TikTok

Kila kizazi hapa kwetu kimeacha alama yake kwa majina. Kitambo ilikuwa cyber, unalipa kwa dakika, na jina ya kwanza ilikuwa ya imeli ya Yahoo ama Hotmail. Hapo ndio kulizaliwa zile za "sexy" na "cool" na "4real", zenye baadaye zilisumbua watu wakiandika barua za wera.

Halafu zikakuja simu ndogo za Nokia na programu za kuchat, Mxit na 2go kutoka Afrika Kusini, na majina zikajaa nyota, mishale na herufi kubwa na ndogo zimechanganyika. Julai 2009 kebo ya baharini ya SEACOM iliwashwa Mombasa, bei ya intaneti ikaanza kushuka. Muda si muda Safaricom ikaleta Ideos ya Huawei, simu ya Android ya kitu ngiri nane, na mtaa mzima ukaingia Facebook. Hiyo ndio enzi ya Kevoh Thee Don, ya Shikoh Mtoto Wa Mum, ya "Itz" na "Dah" mbele ya kila kitu. Ile "h" ya mwisho ukiiona leo unajua huyu alifungua akaunti mwaka gani.

Kabla hiyo Ideos ifike, Machi 2010, ilitokea Makmende. Just A Band walitoa video ya ngoma yao "Ha-He", na ndani yake Makmende ni jamaa wa kupiga watu wabaya. Jina ilikuwa ya zamani kuliko video. Watoi wa Nairobi wa miaka ya 90 waliitoa kwa sinema za Clint Eastwood, wakaibadilisha kwa masikio yao, na ikakuwa ya kuita boy mwenye anajifanya mkali. Video ikawasha intaneti ya Kenya, na ghafla kukawa na akaunti za Makmende kila mahali, watu wenye hawajuani wakibonga kwa jina moja. Hapo ndio wengi wetu tuliona kwa mara ya kwanza jina ya mtaa ikisimama kwa mtandao wa dunia bila kujieleza kwa mtu.

Sai TikTok imefupisha kila kitu. Jina lazima isomeke mbio, juu video ni fupi na kidole hakingoji. Ndio maana za leo ni neno moja ama mawili, herufi ndogo zote, bila mapambo.

Wasanii ndio walitufungulia njia

Ukiuliza vijana wengi walitoa wapi hii roho ya kujibatiza mtaa, ni kwa ngoma. Jua Cali amebeba California, mtaa wake wa Eastlando, ndani ya jina. Octopizzo alitoa yake kwa namba nane, mat ya Kibera. Buruklyn Boyz waligonganisha Buruburu na Brooklyn, wakatoa kitu yenye ukiiskia tu unajua ni drill na unajua ni ya wapi. King Kaka alianza akiitwa Rabbit, akakua, jina ikakua na yeye.

Hiyo ya King Kaka ni funzo. Jina si jela. Ukibadilika, iruhusu ibadilike, bora ubebe watu wako na wewe, ujulishe kila mtu, uache njia ya kurudi nyuma kukutafuta.

Na kuna jina imetoka mtaani ikaenda hadi kwa karatasi ya kura. Sonko, neno la Sheng la mtu mwenye ako na mkwanja, lilishikana na mwanasiasa Mbuvi hadi watu wakasahau majina zake zingine. Nalo akachaguliwa mbunge wa Makadara 2010, seneta wa Nairobi 2013, gavana 2017. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu uongozi wake. Kuhusu jina, ukweli ni kwamba mamia ya maelfu ya watu walitumia neno la base kwa shughuli rasmi ya serikali.

Jina ya biz ina sheria zake

Hapa ndio vijana wengi hupoteza ganji, so tukae kidogo.

Chukua manzi wa Kayole mwenye huamkia Gikomba saa kumi na moja, anachagua njumu grade one, anaziosha, anazipiga picha kwa ukuta mweupe wa keja yake, anazipost. Jina ya kwanza alikuwa nayo ni yake ya kawaida, na tarakimu, na vistari viwili. Viatu vilikuwa kali, bei ilikuwa fiti, lakini mteja akitaka kumshow rafiki yake kwa mat, hakukuwa na venye angeitamka. Lazima angetoa simu, atafute, atume. Wengi hawatumi. Alipobadilisha ikawa njumu na mtaa, maneno mawili, watu wakaanza kuitaja kwa mdomo. Jina ya biz inatembea kwa mdomo kwanza, kwa skrini baadaye.

Kitu ya pili ni M-Pesa. Tangu 2007 hii nchi imezoea kulipa na simu, na mteja akituma pesa anaona jina. Akaunti ikisema kitu moja na ujumbe wa M-Pesa uje na jina ya mtu mwenye hajawahi kuskia, roho inaruka, juu wakora wamejaa na kila mtu amewahi kuskia stori ya mtu aliyetuma na hakuona mzigo. Ukiwa na Till, hakikisha jina ya Till inakaribiana na ya akaunti. Ka bado unatumia namba yako, andika kwa profaili mapema kwamba malipo yatatokea kwa jina fulani. Hiyo sentensi moja huokoa wateja wengi.

Ya tatu ni wale wa kuiga. Mkora anachukua picha zako, anachukua jina yako, anaongeza kistari kimoja, ama anaweka sifuri mahali pa "o", ama "I" kubwa mahali pa "l" ndogo. Kwa macho ya haraka ni wewe. Dawa ni kushika jina yako kila mahali siku ya kwanza, hata kwa mitandao yenye huna mpango wa kutumia, na kuwaambia wateja jina ni moja tu, wengine wote ni feki.

Cheki pia Ma3Route, ile akaunti ya kujua jam iko wapi. Kila Mkenya anaisoma bila kuelezwa, juu "ma3" tuliiandika kwa vitabu vya shule zamani kabla kuwe na mtandao. Jina ya biz yenye watu tayari wanaijua kwa ulimi huwa imeshinda nusu ya kazi.

Jina ya kujificha

Kuna wenye wanachagua jina ili wasijulikane, na wengi wako na sababu. Manzi mwenye inboksi yake imejaa wanaume wa matusi anafungua akaunti nyingine yenye haina picha wala jina, ndio apumue. Mfanyakazi anataka kubonga ukweli wa wera bila kufutwa. Juni 2024, wakati wa mswada wa fedha, maelfu ya vijana walibadilisha majina na picha zao, wakaweka bendera, wakaweka maneno ya kukataa mswada, hadi ukaingia X unaona ukuta moja ya watu. Hiyo wiki jina ya mtu moja ilikuwa jina ya wote, na Juni 26, siku moja baada ya vijana kuingia Bunge, Rais akasema hatautia sahihi.

Lakini jina ya kujificha ina kikomo, na kila kijana anafaa ajue hicho kikomo kiko wapi. Laini yako ya simu imesajiliwa na kipande. Akaunti imeshikana na namba ama imeli. Wasee wa kawaida hawakuoni. Wenye wana nguvu wanaweza kukutafuta. Kibet Bull, mwenye alijulikana kwa katuni zake za kivuli za Rais, alitekwa Desemba 2024 pamoja na vijana wengine, akapatikana Januari 2025. Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alishikwa Homa Bay kwa madai ya posti ya X kuhusu mkubwa wa polisi, na akafa akiwa mikononi mwa polisi Nairobi. Tunawataja kwa heshima. Mtu hafai kulipa na maisha kwa sababu ya maneno ya kwa simu, chini ya jina yoyote.

Na jina ya kujificha imewahi kutumiwa dhidi ya mtaa pia. Miaka michache nyuma Facebook ilikuwa na akaunti za "Hessy wa Dandora", "Hessy wa Kayole". Zilipost picha za maboy zikiwaita majambazi na kuwaonya siku zao zimeisha, na baadhi yao walikuja kupatikana wamepigwa risasi. Angalia hiyo jina: fulani wa mtaa fulani, ile ile formula tunaipenda. Mathe wengi wa Eastlando walijua jina ya mtu aliyetisha mtoto wao na hawakuwahi kujua uso wake. Kwa hivyo ukiweka mtaa kwa jina, kumbuka mtaa ni watu. Usiibebe kwa kitu yenye mathe yako hawezi kusimama nayo.

Ukichagua yako

Sasa tuseme uko na hiyo nafasi tupu leo. Mi nitakushow venye nawashownga madogo zangu wa mtaa.

Anza kwa kuitamka. Mpigie rafiki akiwa ndani ya nganya, ngoma ikilia, umwambie jina mara moja. Akiiandika sawa, ni jina. Akiuliza "aje?" mara ya pili, punguza.

Mwaka wa kuzaliwa usiweke. Wengi hutumia huo mwaka kwa PIN ya M-Pesa na kwa nywila, na wewe umeutangazia dunia. Ukihitaji namba, chukua ya mat ama ya kaunti, yenye kila mtu anaijua na haifungui kitu yako yoyote.

Usijibatize mtu. "Bae wa Kevo" ni jina tamu mwezi wa kwanza. Jina yako inafaa ibaki yako hata mkiachana, hata ukihama shule, hata timu yako ikishuka daraja.

Angalia jina za magenge. Kuna maneno kutoka kwa dancehall yenye yalianza ka mapenzi ya ngoma, ka Gaza ya kina Vybz Kartel kule Jamaica, na yakifika Kayole yakachukuliwa na wahalifu. Mtoi aliyeandika Gaza kwa sababu ya mdundo aliwekwa kwa kikapu moja na wenye bunduki. Uliza wakubwa wa mtaa neno linabeba nini kabla ulivae.

Ka unajua utatafuta wera za ofisi, kuwa na mbili: moja ya kazi yenye iko na jina ya kipande, na moja ya roho. Huo si unafiki. Hata buda yako ako na jina ya ofisini na jina ya kwa wazee wenzake wa nyama choma.

Halafu fanya mtihani wa mwisho. Fikiria uko Tao, pale Archives, watu wamejaa, na mtu mwenye hujawahi kumwona anakuita kwa hiyo jina ya mtandao kwa sauti. Ukiskia aibu, ukitaka kujifanya si wewe, rudi ubadilishe. Ukigeuka ukicheka, ukinyoosha mkono umgotee, hiyo ndio yako, ishike kila mtandao leo kabla Brayo mwingine aichukue.